Kabla ya Koleo: Mjadala wa Meno Miteremkoni mwa Meru

Hakuna mtu atakayesimama hadharani akasema kinga ya meno haina maana. Ndiyo sababu mikutano ya afya ya kinywa huwa mikavu: kila mmoja anakubali, makofi yanapigwa, na kesho yake foleni ya kung'oa inaendelea kama jana. Ugomvi wa kweli uko kwingine. Kinga ipi? Aifanye nani? Na huyo anayeambiwa aifanye, maji anayo? Pesa anazo? Jioni yupo nyumbani?

Kwa hiyo mjadala huu nimeupanga kwa sauti nne. Wasemaji nimewaumba mimi. Hoja zao sikuziumba, na yeyote aliyewahi kukaa benchi la kliniki ya meno kati ya Arusha na Usa River atazitambua. Daktari ni mwanamke, anatibu meno katika hospitali ya wilaya. Mwalimu ana darasa la kwanza. Mangi ana duka linalotazamana na geti la shule. Bibi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, na meno yake ni ya kahawia tangu yalipoota. Mwenyekiti ni mimi, na sitajifanya sina upande.

MWENYEKITI: Bibi, shikamoo. Karibuni wote. Daktari, wagonjwa wako wengi wanakuona kwa mara ya kwanza baada ya kukesha na jino. Kwa nini wasije mapema?

DAKTARI: Kwa sababu jino linalooza haliumi mapema. Ndiyo hila yake. Watu bado wanazungumza habari za mdudu wa jino, lakini mdudu hayupo. Mdomoni mna bakteria, wanakula sukari tuliyokula, wanatoa tindikali, na tindikali inayeyusha enameli, lile ganda gumu la nje. Mate yanakuja nyuma yake, yanaipunguza nguvu tindikali na kurudisha madini yaliyotoka. Kazi hiyo inachukua muda, nusu saa au zaidi. Ukila kitamu kingine kabla mate hayajamaliza, kuyeyuka kunaanza upya. Mtoto anayekula pipi nne mara moja baada ya ugali anaumia kidogo kuliko yule anayezigawa nne hizo hizo kutwa nzima.

MANGI: Basi mshitakiwa ni mimi.

DAKTARI: Sijakutaja, Mangi.

MANGI: Duka liko mbele ya geti, unadhani watu hawatanitazama? Mimi niseme ukweli wangu. Mtoto anakuja na shilingi mia. Kwa mia hiyo chungwa anapata msimu wake ukiwapo, na nje ya msimu hapati. Pipi anapata Januari mpaka Desemba. Nikiacha kuuza mimi, jirani anauza. Halafu lile friji la soda pale dukani si langu, nimepewa na wenye soda. Ukuta wamepaka rangi wao. Hakuna mtu wa machungwa aliyewahi kunipa hata ndoo.

MWALIMU: Hapo Mangi kasema jambo. Lakini na mimi ninayoyaona ni haya: mtoto anaingia darasani kengele ya mapumziko imeshalia, shavu limetuna kwa pipi ya kijiti, anaimung'unya mpaka kipindi kiishe. Wengine jojo. Wengine wana barafu ya ukwaju kwenye mfuko, wanainyonya kidogo kidogo.

DAKTARI: Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kuinyonya kidogo kidogo. Na jinsi elimu hii ilivyopatikana ni aibu. Miaka ya 1940, katika taasisi ya Vipeholm nchini Uswidi, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata makusudi, mwaka baada ya mwaka, ili ionekane meno yatatoboka kiasi gani. Ridhaa hawakuombwa. Meno yao yakaharibika, na watafiti wakapata jibu: idadi ya mara unazokula kitamu, na muda kinaoganda kwenye jino, vina uzito kuliko jumla ya sukari yenyewe. Baadaye Waswidi wakahimizwa kuwapa watoto pipi Jumamosi tu.

BIBI: Waliwafanyia wagonjwa hivyo, mwanangu?

DAKTARI: Waliwafanyia, Bibi.

BIBI: Basi angalau tuyatumie, wasiwe wameumia bure.

DAKTARI: Na soda tusiisahau. Chupa ya nusu lita ina gramu hamsini na ushee za sukari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, asilimia 10 ni kama gramu 50. Kwa hiyo chupa moja imemaliza posho ya siku nzima, na hapo chai ya asubuhi hatujaihesabu. Mtoto mdogo zaidi naye analazwa na chupa ya chuchu yenye chai ya maziwa ya sukari. Usingizini mate hupungua sana. Chai inabaki imeyazunguka meno ya mbele mpaka alfajiri. Mtoto wa miaka miwili analetwa kwangu meno ya juu yamebaki visiki.

MANGI: Na mama yake ukimwambia?

DAKTARI: Analia. Kumbe alidhani anamshibisha.

Hapa naingilia. Daktari ana haki katika sayansi yake, lakini nimeona mahali pengi hoja ya sukari ikiishia kwenye kumsuta mama. Mama hakuliweka friji lile, wala hakupanga kwamba kitu rahisi kuliko vyote mbele ya geti la shule kiwe kitamu. Halmashauri inaweza kupanga nini kiuzwe karibu na shule. Inapanga mambo madogo kuliko hilo. Mangi mwenyewe aliniuliza: nani atamlipa hasara? Swali la haki. Sikuwa na jibu zaidi ya kusema kwamba karanga na ndizi mbivu nazo huuzwa kwa mia.

Tukafika kwenye maji, na hapa ndipo mjadala ulipopata moto, kwa sababu huku kwetu ushauri unaotolewa kila mahali duniani unakutana na mlima.

BIBI: Mimi nina swali langu la siku nyingi. Haya meno yangu mnayaona. Nilipokuwa msichana nilikwenda Dar es Salaam, nikajifunza kucheka nimefunika mdomo kwa mkono. Mtu akiyaona alijua nimetoka wapi kabla sijasema jina. Lakini nimekula nayo miaka yote hii, na gego lililong'olewa ni moja tu. Wajukuu zangu wa mjini wana meno meupe, yametoboka. Sasa naambiwa kilichonipaka rangi hii ni floraidi ya maji yetu, halafu naambiwa dawa ya mswaki nayo ina floraidi, tena ni nzuri. Ni dawa au ni sumu? Semeni moja.

DAKTARI: Siwezi kusema moja, Bibi, kwa sababu inategemea kiasi, umri, na njia iliyopita. Miamba ya volkano ya Meru na ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yanapopita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi na visima vingi vya huku vinapita hapo, vingine mara kadhaa. Serikali yenyewe ilijua kwamba ikishika kipimo hicho, vijiji vingi vitakosa maji kabisa. Kwa miaka mingi iliruhusu miligramu 8 kwa lita vijijini, baadaye 4, na sasa ndiyo 1.5.

BIBI: Kwa hiyo mimi nilikunywa ya nane.

DAKTARI: Huenda na zaidi. Mtoto anapokunywa maji hayo, floraidi inaingia damuni na kuvuruga meno ya ukubwani wakati bado yanaumbwa ndani ya taya. Kwa meno ya mbele, hatari kubwa iko katika miaka mitatu minne ya kwanza ya maisha. Jino linaota likiwa limeshapata rangi. Mtu mzima akihamia Maji ya Chai leo meno yake hayatageuka, kwa sababu yalikwisha kuumbwa. Ila akinywa maji yaliyozidi sana kwa miaka mingi, mifupa inaweza kuumia, na hilo ni zito kuliko rangi.

MWALIMU: Na ile ya Bibi kwamba hayakutoboka?

DAKTARI: Yake yalibahatika. Floraidi inayogusa jino kwa nje inalisaidia enameli kurudisha madini, hiyo ni kweli, na ndiyo kazi ya dawa ya mswaki. Lakini ikizidi wakati wa kuumbwa, enameli inaota laini, ina vishimo, inamegeka. Meno ya namna hiyo nayo huoza. Wapo watoto wa Meru wenye rangi na matundu pamoja.

MANGI: Watu wengi wanachemsha. Maji ya kuchemsha yanafaa?

DAKTARI: Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, yanafaa sana. Kwa floraidi, hapana. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, inakuwa nzito zaidi.

Nilitaka sentensi hiyo ya Daktari isomwe mara mbili. Nimekutana na wazazi waangalifu kabisa, wanaochemsha maji ya mtoto kila siku wakiamini wamemaliza kila kitu.

BIBI: Na magadi? Makande bila magadi yanachukua kuni za siku nzima.

DAKTARI: Magadi ya huku nayo yana floraidi, mengine nyingi mno. Sikukatazi makande, Bibi. Nasema ya mtoto mdogo yapikwe bila magadi: loweka maharage na mahindi usiku kucha, kuni zitapungua. Maji ya mvua kutoka bati safi hayana floraidi ya kutisha, basi yawe ya mtoto, ya kunywa na ya kupikia uji. Tena pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi kwenye maji, kinatumia makaa ya mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, inasagwa, maji yanapita katikati, floraidi inanaswa. Baada ya muda makaa huchoka, lazima yabadilishwe. Kifaa kipo, na fundi wa hapa hapa anaweza kukitunza. Kazi ni kukifikisha jikoni na kukumbuka kubadilisha.

MWALIMU: Basi wazazi wa darasa langu wamekosea. Wanaogopa maji, wakaishia kuacha dawa ya mswaki. Wananunua zile za mitishamba zilizoandikwa hazina floraidi, na maji ya kisima yanaendelea.

DAKTARI: Wameacha inayosaidia, wameshika inayodhuru. Mtu mzima wa hapa apige mswaki kwa dawa ya kawaida bila wasiwasi, maana anaitema. Mtoto chini ya miaka mitatu, apakwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya njegere. Mzazi ndiye akamue, siyo mtoto, kwa sababu dawa ikiwa tamu mtoto anaila. Ateme, na asisukutue kwa maji mengi, ili dawa iliyobaki ifanye kazi. Kwenye boksi utafute namba: floraidi iwe ppm 1000 mpaka 1500. Chini ya hapo umenunua povu.

MANGI: Hiyo namba mimi mwenyewe sijawahi kuisoma, na nauza.

BIBI: Na sisi wa mswaki wa mti? Mnatuweka wapi?

DAKTARI: Nawaweka mahali pazuri. Mti ukitafunwa vizuri, ncha ikawa nyuzi, unasafisha. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake tangu mwaka 1986 kwa watu ambao ndiyo desturi yao. Upungufu wake ni magego ya nyuma upande wa ndani, mti haufiki kirahisi. Na floraidi hauna ya kutosha. Mtu anaweza kutumia mti asubuhi na brashi usiku, hakuna ugomvi.

Bibi alikuwa na jambo lingine, zito zaidi, na hakulileta mpaka nilipotaka tuhamie shuleni.

BIBI: Mnazungumza brashi. Sisi tuliona watoto wakitolewa meno kabla hayajaota. Mtoto ana homa, anahara, anakataa ziwa. Anakuja mtu, anapapasa fizi, anasema hapa pana meno ya plastiki. Anayachokoa kwa kitu chenye ncha. Watoto wengine walikufa.

DAKTARI: Hilo lilienea Dodoma na mikoa mingine miaka ya 1980, na Uganda nao wanalo kwa jina lao. Bado linatokea. Kinachochokolewa ni chonge changa la mtoto, liko ndani ya ufizi, jeupe na laini kwa sababu halijakomaa. Hakuna ugonjwa pale. Mtoto anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda, na jino la ukubwani lililo chini yake linaharibika. Kuhara kwake kunaendelea, maana alihitaji maji ya chumvi na sukari na kupelekwa zahanati.

BIBI: Mwanangu, wewe una gari. Mtoto akihara saa nane ya usiku, na zahanati iko ng'ambo ya mto, na aliye karibu anayedai anajua dawa ni huyo mwenye kisu, ungefanya nini?

DAKTARI: Sijui ningefanya nini. Ila najua kitu kimoja. Yule mama alikuwa na kadi ya kliniki. Alikwenda kupima uzito, alikwenda chanjo. Mara zote hizo hakuna aliyemwambia kwamba vile vivimbe kwenye ufizi ni chonge zinajiandaa.

Neno hilo ndilo lililonipa upande wangu katika mjadala huu, nami nitalirudia mwishoni.

MWALIMU: Sasa niruhusiwe. Kila mkutano wa afya unamalizikia kwangu. Dawa za minyoo: shule. Chanjo: shule. Sasa mtaniambia watoto wapige mswaki shuleni. Kila idara ikikosa mtu, inamkumbuka mwalimu. Nina watoto zaidi ya themanini, bomba ni moja, na siku nyingine limekauka.

DAKTARI: Nilikuwa nakaribia kusema hivyo hasa.

MWALIMU: Nilijua!

DAKTARI: Nisikilize kwanza. Uskoti walikuwa na watoto wenye meno mabovu kupindukia. Wakaanzisha mswaki wa kila siku katika shule za chekechea, mpango unaoitwa Childsmile, mlezi akisimamia; kuoza kukapungua, na gharama za matibabu zikashuka. Utasema Uskoti ni matajiri. Basi tazama Ufilipino, shule za serikali zenye watoto wengi kama wako: wanasimama kwa kundi, kunawa mikono na kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, kazi moja. Maji yanayohitajika ni kidogo, kwa sababu mtoto anatema, hasukutui. Kikombe kimoja kinatosha brashi kadhaa kusuuzwa.

MWALIMU: Brashi nani ananunua? Zikichanganyika, mtoto mmoja akatumia ya mwenzake?

DAKTARI: Kila moja jina lake, na mahali pa kuning'inia. Zinanunuliwa na halmashauri, na kamati ya shule inasimamia.

MWALIMU: Halmashauri ikinunua, mimi nitasimama nao. Ikiniambia wazazi wachange, najua mwisho wake.

Mwalimu hakutikisika hapo, nami simlaumu. Lakini Daktari alimwonyesha jambo ambalo hata wazazi wenye digrii hulikosa.

DAKTARI: Kwa nini nalilia darasa lako, na siyo la nne? Kwa sababu ya gego la miaka sita. Mtoto ana meno ya utoto ishirini. Mzazi anangoja yang'oke ndipo ya ukubwani yaje. Lakini gego la kwanza la ukubwani halingoji jino lolote ling'oke. Linaota nyuma kabisa ya magego ya utoto, kimya kimya, mtoto akiwa na miaka sita hivi. Mzazi analiona, anadhani nalo ni la utoto. Likitoboka anasema litang'oka lenyewe, litakuja jingine. Haliji. Hilo ndilo atakalotafunia nyama akiwa na umri wa Bibi. Tena linapoota liko chini kuliko wenzake, brashi ya mtoto inalipita juu kwa juu, na mifereji yake ina kina. Kati ya magego ya ukubwani ninayong'oa kwa vijana, hilo ndilo linaloongoza.

MANGI: Mimi la chini kushoto sina. Niling'olewa nikiwa darasa la sita.

DAKTARI: Basi ndilo hilo.

MWENYEKITI: Na kiti chako, Daktari? Kwa nini mtu akija anaondoka na pengo?

DAKTARI: Kwa sababu kung'oa ni rahisi kwa bei, kuziba kunazidi, na kutibu mzizi wa jino ndiyo usiseme. Na anapofika, tundu limeshagusa mshipa. Lakini nikubali upungufu wa upande wetu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, Jo Frencken, daktari Mholanzi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, aliongoza njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine. Unakwangua sehemu iliyolainika kwa vifaa vya mkono, unajaza saruji maalumu inayojishika yenyewe kwenye jino na kutoa floraidi polepole. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu wote. Inaweza kufanyiwa juu ya dawati. Saruji hiyo, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi na dawa ya maji yenye fedha na floraidi, ziliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

BIBI: Hiyo ya fedha ni ipi tena?

DAKTARI: Ni tone moja, linapakwa kwenye tundu la jino la utoto, na mara nyingi kuoza kunasimama. Hakuna kuchokonoa, mtoto halii. Kasoro yake ni moja: pale palipooza panageuka peusi.

BIBI: Jino jeusi mbele ya mdomo wa binti? Hapana. Mimi nimefunika mdomo miaka mingi, najua.

DAKTARI: Ndiyo maana mzazi lazima aonyeshwe picha kabla. Gego la nyuma, wengi wanakubali. La mbele, wengi wanakataa, na ni haki yao.

MWALIMU: Na hii ya kwenda kwa daktari wa meno kila miezi sita? Kila bango linaisema.

DAKTARI: Bango ni bango. Uingereza wenyewe, tangu mwongozo wao wa mwaka 2004, hawaweki kila mtu miezi sita. Mtoto ambaye meno yake ni mazima wanaweza kumpa mwaka, mtu mzima mwenye kinywa salama mpaka miaka miwili, na aliye hatarini anaitwa hata kila miezi mitatu. Wilaya yangu ikiletewa kila mtu kila miezi sita, nitafunga mlango. Nataka walio hatarini waje mapema, na wengine wasiogope kuja.

Kuhusu watu wazima tulikwenda mbio, ingawa wao ndio walioketi pale. Mangi alikiri kwamba akipiga mswaki anatoka damu, basi ameacha kuupitisha karibu na fizi. Daktari akashika kichwa. Fizi inayotoka damu, alisema, mara nyingi inalalamikia utando ulioachwa pale. Ukiiepuka, utando unakomaa kuwa ugaga, na ugaga hauondoki kwa brashi, lazima ukwanguliwe kliniki. Mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu, jino zima lisilo na tundu linaanza kucheza. Mwenye kisukari ni wa kuangalia zaidi, kwa sababu sukari ya damu isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Bibi akasema zamani waliambiwa kila mimba inachukua jino. Daktari akajibu kwamba mtoto tumboni hachukui madini ya meno ya mama. Homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe upesi penye uchafu, na mjamzito anatibiwa meno kama mtu mwingine yeyote. Ugoro, kuberi na tambuu yenye popoo akazitaja kwa ukali kuliko pipi zote, kwa kuwa zile zinaleta saratani ya kinywa. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kionwe, bila kungoja kiume.

MWENYEKITI: Basi niseme langu, mnipinge mkitaka. Mnavutana kati ya nyumba, duka, shule na hospitali. Mimi naona mahali ambapo tayari mtoto yupo, mama yupo, na mtaalamu yupo: kliniki ya mama na mtoto. Mtoto analetwa akiwa na miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela, meno ya mbele yamechomoza. Analetwa tena miezi kumi na minane, magego ya utoto yanaanza. Nesi amemshika. Ainue mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole, aangalie kama kuna mistari myeupe au madoa karibu na ufizi, amuulize mama habari ya chupa ya usiku na maji anayokunywa mtoto, ampe dawa ya mswaki ya kwanza. Na amwonyeshe chonge zilipo, asije akadanganywa.

MWALIMU: Nesi naye atasema kila idara inamkumbuka.

MWENYEKITI: Atasema, na atakuwa na haki. Lakini kuinua mdomo ni kazi fupi kuliko kuandika kadi.

DAKTARI: Ikiwa kwenye kadi patakuwa na kisanduku cha kuweka vema, itafanyika. Pasipokuwa na kisanduku, haitafanyika. Nawajua wenzangu.

BIBI: Na maji? Msije mkagawa brashi mkasahau maji.

Bibi ndiye aliyekuwa sahihi kuliko sote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Huku kwetu wapo wanaoingia katika hesabu hiyo wakiwa wameshapoteza rangi ya meno yao ya ukubwani kabla hayajaota. Hukumu yangu ni hii: kisanduku kwenye kadi ya kliniki kwanza, chujio la maji ya mtoto pamoja nacho, brashi za darasa la kwanza kwa fedha za halmashauri, na kiti cha daktari kibaki kwa wale ambao hayo matatu yamewakosa.

Kadi itasubiri wizara, na wizara ina foleni yake. Wewe mzazi mwenye mtoto wa miaka sita au saba usisubiri. Msimamishe mlangoni penye mwanga, afungue mdomo, uhesabu mpaka nyuma kabisa. Ukikuta gego moja zaidi ya uliyoyazoea, hilo halitabadilishwa. Lipige mswaki wewe mwenyewe usiku huu, na kila usiku, mpaka uone kwa macho yako kwamba brashi yake inalifikia.